Mstari Alioongeza Mwalimu Hesbon

Watu wa Ndalu wanasema nilimtendea Mwalimu Hesbon vibaya. Wacha waseme. Siku binti yangu alipopigishwa magoti mbele ya watoto mia sita, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwangu kusema mtoto ametendewa vibaya. Kwa hivyo anayengoja niombe msamaha atangoja sana. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, na sitaficha kitu, hata pale ambapo maneno yananigeukia mimi mwenyewe.

Naitwa Mukhisa. Karakana yangu iko Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi, na kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupukuchua. Nyumbani ni Ndalu. Mke wangu ni Wilkista, na mtoto wetu wa mwisho ni Nabwile, aliyekuwa Gredi ya Tisa mwaka huo. Sisi si watu wa kanisa. Tunamwomba Wele, Mungu wa babu zetu, kwenye kibanda kidogo cha nyasi kilicho mbele ya nyumba. Babu yangu alitafutwa na askari wa Mzungu kwa sababu ya kibanda kama hicho. Majirani wetu karibu wote ni watu wa kanisa na tumeishi nao vizuri. Tunaoana, tunazikana, tunaazimana ng'ombe wa kulima. Shida ililetwa na mtu mmoja tu.

Nabwile ndiye aliyekuwa akipandisha bendera shuleni, Jumatatu na Ijumaa. Alikuwa skauti. Jumapili jioni hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa pasi ya makaa mpaka amalize kupiga skafu yake, na alikuwa akiipiga mara mbili. Bendera ikishafika juu, wanaimba wimbo wa taifa. Wimbo huo unamtaja Mungu, na kwetu hakuna aliyewahi kulalamika. Mungu ni Mungu. Nabwile alikuwa anauimba mpaka mishipa ya shingo inatoka. Baada ya wimbo, watoto wanaweka mkono kifuani na kusema kiapo cha utiifu kwa nchi. Hicho pia alikuwa anakisema chote.

Halafu tukaletewa Mwalimu Hesbon kuwa mwalimu mkuu. Kanisa lililofadhili shule lilimpenda sana, maana mtu huyo hawezi hata kuuliza saa bila kusema Bwana asifiwe. Muhula wa pili akaamua kiapo kimepungukiwa. Akaongeza mstari wake mwisho: "Na damu ya Yesu ndiyo bendera yangu." Watoto mia sita, mkono kifuani, kila Jumatatu na kila Ijumaa. Mimi nilijua ile rangi nyekundu kwenye bendera ni damu ya watu waliopigania nchi hii. Watu wenyewe wanajulikana, wengine makaburi yao yako hapa hapa kwetu. Kumbe Mwalimu Hesbon alikuwa ameshawaondoa.

Nabwile alikuja kuniuliza afanye nini na mstari ule. Nilikuwa nikinoa panga. Nikamwambia, "Usibishane na mwalimu wako. Ukifika mahali ambapo maneno si yako, funga mdomo. Basi. Mdomo ni wako, hakuna wa kukufungulia." Akaenda zake. Nilijisikia nimesema jambo la maana sana, na usiku nikamrudia Wilkista maneno yale yale ili naye ayasikie.

Alifunga mdomo muhula mzima bila mtu kujua. Mwezi wa tisa, Jumatatu moja, Mwalimu Hesbon akawa amesimama karibu na mlingoti, akaona. Akasimamisha gwaride lote.

"Wewe wa bendera. Sema huo mstari peke yako."

Nabwile kimya.

"Sema!"

Kimya. Basi akamvua skafu shingoni kwa mkono wake mwenyewe, akampigisha magoti kwenye changarawe, akawaambia watoto mia sita kwamba bendera ya nchi ya Kikristo haiwezi kushikwa na mikono ya watoto wa mashetani. Akamwacha hapo mpaka kengele ya mapumziko. Kisha akamfukuza, asirudi bila barua ya mchungaji.

Nilipofika nyumbani kutoka Kitale, Wilkista alikuwa anamwosha magoti kwa maji ya chumvi na kutoa vijiwe kwa ncha ya sindano. Nabwile hakuwa analia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, na mradi wangu?" Alama za mradi hutumwa na shule kabla ya mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa umebakisha majuma matano. Asiporudi, mradi hautumwi, na miaka yote ile ya kusoma inakwenda na maji. Nilitoka nje nikashika ukuta. Kama Hesbon angepita barabarani wakati ule, leo ningekuwa nasimulia haya kutoka gerezani.

Kesho yake nilikwenda shuleni nikiwa nimevaa koti. Hakunipa kiti. Nilisimama mbele ya meza yake, walimu wengine wakiwa humo humo wanasahihisha vitabu.

"Mzee Mukhisa, hii shule iko na mfadhili," akaniambia. "Si umlete tu kanisani Jumapili moja, aombewe, yaishe? Mbona mnakuwa wagumu?"

Nikamwambia katiba, kifungu cha nane, inasema nchi hii haina dini ya serikali, na shule ni ya serikali, na kiapo ni cha serikali.

Akawageukia walimu. "Ati fundi wa mashine amekuja kutusomea katiba! Bwana asifiwe!"

Wakacheka. Wote isipokuwa Mwalimu Lorna, anayefundisha sayansi, ambaye aliendelea kuangalia meza. Kicheko kile nilitoka nacho. Nilikwenda nacho Kitale, nikafungua mashine nacho, nikala nacho. Bado ninacho.

Nilifunga safari mpaka Bungoma, kwa afisa mmoja wa elimu anayeitwa Kiptanui. Huyo namsifu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona picha ya magoti niliyokuwa nimeipiga kwa simu, akaandika barua pale pale: mtoto arudishwe darasani na kiapo kisomwe kama kilivyo. Niliipeleka mwenyewe. Hesbon aliisoma, akafungua droo, akaitia ndani, akafunga droo. "Nitaiangalia," akasema. Siku tisa zikapita. Nikarudi Bungoma, Kiptanui akapiga simu nikiwa hapo, na Hesbon akamjibu kwa heshima zote kwamba mtoto ni mtoro. Mtoro! Nabwile alikuwa anaamka saa kumi na moja kila siku, anavaa sare, anakaa mlangoni na vitabu vyake.

Majuma matatu kabla ya mtihani, baba yake Hesbon akafa.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu Wabukusu, mzee mwenye wajukuu wakubwa akizikwa, siku ya tatu watu wanakusanyika asubuhi na kuketi mviringo mkubwa, na mtu mmoja anatembea katikati na kusema. Anaeleza ukoo wa marehemu, maisha yake, nchi ilivyokuwa na itakavyokuwa, na anawakemea walio hai. Hiyo tunaiita kumuse. Msemaji akianza, hakuna anayesimama, hakuna anayemjibu, hakuna anayepita, hata awe chifu. Na si kila mtu anaweza kusema. Kazi hiyo iko kwenye familia chache, na upande wetu iko kwenye familia yangu. Baba yangu aliifanya, naye alinipa onyo moja tu: nisiwahi kuingia pale katikati na ugomvi wangu mwenyewe.

Mzee Khaemba, baba yake Hesbon, alikuwa amebatizwa tangu ujana, lakini alikuwa rafiki ya baba yangu. Kabla ya kukata roho aliwaambia watoto wake: kanisa linizike, sawa, lakini kumuse aseme mtoto wa rafiki yangu. Aliwaapisha mmoja mmoja. Msemaji mwingine aliyekuwa karibu alikuwa amelazwa hospitalini, na hata angekuwa mzima, nani angethubutu kuvunja neno la mzee kama yule?

Basi Mwalimu Hesbon akaja Kitale. Alikuja na Levi, mdogo wa baba yake, wakasimama mlangoni mwa karakana. Nilikuwa najaribu mashine, na sikuizima. Mahindi yanaruka, vumbi linajaa, injini inanguruma, na mwalimu mkuu anapiga kelele ili asikike.

"Mzee Mukhisa! Tumekuja kwa habari ya baba!"

"Sisikii!"

"Nasema baba! Kumuse!"

Nilimwacha arudie mara tatu. Suti yake nyeusi ilikuwa imegeuka nyeupe kwa makapi. Mzee Levi akanitazama tu, na kwa sababu ya Mzee Levi nikazima.

Hesbon alianza kusema kwa sauti ndogo. Nabwile arudi kesho. Mradi wake atautuma yeye mwenyewe. Akatia mkono mfukoni akatoa skafu, imekunjwa vizuri. "Apandishe bendera kama kawaida. Tusahau, ndugu yangu. Si sisi ni majirani?"

"Na ule mstari?"

Akaangalia chini. "Huo ni wa mfadhili sasa. Huo tutaongea baadaye."

Angesema ameufuta, sijui, labda mambo yangekuwa mengine. Nilichukua skafu. Nikasema nitakuja, ila yeye kama mtoto wa kwanza aketi mbele kabisa, na mchungaji wake karibu, na walimu wake wote nyuma yake. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia Mungu anibariki. Nikamwambia amina. Moyoni nilikuwa nacheka.

Nabwile alipoiona skafu alinirukia shingoni. Hakuwa amefanya hivyo tangu akiwa mdogo. Aliifua, akaipiga pasi mara mbili. Kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Baba, huko kwa kumuse, usinitaje."

"Nani amesema nitakutaja?"

"Mimi nakujua. Nataka nirudi tu, nifanye mtihani, watu wasahau. Kila mtu alinitazama siku ile. Sitaki wanitazame tena."

"Sitalitaja jina lako," nikasema.

"Niapie."

Nikaapa.

Alirudi shuleni Alhamisi. Mradi ukatumwa Ijumaa. Mwalimu Lorna alinipigia simu kunithibitishia. Kwa hivyo mjue kwamba nilipoingia kwenye uwanja wa Mzee Khaemba siku ile ya tatu, nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimeshakipata. Mtoto alikuwa darasani. Kilichobaki kilikuwa changu.

Watu walikuwa wengi, mpaka kwenye uzio wa ng'ombe. Hesbon mbele, mchungaji kando yake, walimu nyuma, na nyuma ya walimu Gredi ya Tisa yote ikiwa na sare, wamekuja kumpa pole mwalimu wao, wameketi chini. Nilimwona Nabwile kati yao na skafu yake shingoni. Mimi nilikuwa na ngozi ya mbega mabegani na fimbo ya baba yangu mkononi.

Nilianza vizuri. Hilo hata maadui zangu wanakubali. Nilisema ukoo wa Khaemba kizazi kwa kizazi, nikasema walikotoka, mto waliovuka, ng'ombe waliopoteza. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Kisha nikafika kwenye ujana wa marehemu, na nikasema jambo ambalo baba yangu aliniachia. Nilisema kwamba askari walipokuwa wanawasaka watu wa Wele nyumba kwa nyumba, Khaemba, kijana aliyebatizwa juzi tu, alimficha babu yangu ndani ya ghala lake la wimbi siku nne. Askari walimwuliza huku wakimpiga na kitako cha bunduki. Hakusema neno. Alinyamaza mpaka wakachoka.

Watu wakalia, na mimi nikalia. Hesbon alilia pia, na nadhani hakuwa amewahi kuijua habari hiyo. Hapo ndipo baba yangu angepita, aende kwenye baraka, amalize. Nilijua kabisa. Nikasimama mbele ya Hesbon.

"Khaemba alimficha mtu wa Wele ghalani," nikasema. "Mwanawe amempigisha mtoto wa Wele magoti kwenye changarawe!"

Nikamwelekezea fimbo.

"Khaemba alipigwa ili mtu mwingine asitajwe. Mwanawe amemvua msichana wa bendera skafu mbele ya watoto mia sita, akamwita wa mashetani, kwa sababu hakusema mstari ambao serikali haikuuandika, katiba haiujui, na hata kanisa halikuuomba mpaka yeye alipoutunga ili apendwe! Damu ya Yesu ndiyo bendera yangu! Hesbon, ni ya Yesu au ni ya kupandishwa cheo?"

Alitaka kusimama. Mzee Levi alimshika koti. "Keti chini," akamwambia, na uwanja mzima ukasikia. "Hapa hakuna anayesimama."

Akaketi. Oh, nilifurahi! Sitawadanganya. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake bila kiti, na sasa yeye alikuwa na kiti na hawezi kuinuka. Nikamwuliza maswali, nikijua hawezi kujibu. Nikausema mstari wake mara tatu, kila mara nikiwatazama walimu waliocheka. Nikawaita waliocheka kwa majina. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake kama mtu aliyeviona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Jina la Nabwile sikulitaja. Muulize mtu yeyote Ndalu. Nilisema "msichana wa bendera".

Lakini shule yetu ina msichana mmoja wa bendera. Watu hawawezi kusimama, hawawezi kusogea, lakini shingo zinageuka, na ziligeuka zote. Watu mia ngapi sijui, wote wakamtazama mtoto mmoja. Alikuwa ameketi chini, magoti yamekunjwa vumbini. Kuinuka hawezi, kwa sababu mimi bado nasema. Nilimwona akifungua skafu polepole, akaifumbata mkononi mpaka haionekani, akainamisha kichwa.

Nilimwona. Nilikuwa bado na maneno mengi ya Hesbon, niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi kwenye karakana. Nikayasema yote. Yalichukua karibu nusu saa.

Nilipomaliza niliondoka bila kugeuka nyuma, kama desturi inavyotaka. Nyuma yangu nilisikia Hesbon akilia kama mtoto.

Gwaride lililofuata mstari haukusomwa, wala haujasomwa tena mpaka leo. Kanisa lenyewe lilisema halikutaka aibu ya aina hiyo, na mwezi wa kwanza Hesbon akahamishwa. Nasikia yuko upande wa Endebess, shule ndogo, na gwaride la huko anamwachia naibu wake. Wengine wanasema amekonda. Vizuri. Na akonde. Nikikutana naye Kitale sitamwachia njia.

Nabwile alifanya mtihani akapita. Skafu aliirudisha kwa Mwalimu Lorna siku ile ile ya kumuse, hakuniambia, nilisikia kwa watu. Bendera hakuigusa tena. Nyumbani hakunigombeza wala hakuninunia. Nikimsalimia anaitika. Chai ananiletea kama kawaida.

Kila asubuhi, kabla sijaenda Kitale, nasimama mbele ya kile kibanda na familia yangu, nanyunyiza unga wa wimbi, namwomba Wele kwa ajili ya nyumba, na kila ninaposema jambo, wao wanaitikia. Asubuhi ya kwanza baada ya kumuse, nilisikia sauti ya Wilkista peke yake. Nikageuka. Nabwile alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, mikono imetulia, macho mbele, na mdomo umefungwa. Wilkista akamgusa kwa kiwiko. Hakuna kitu.

"Nabwile, itika," nikasema.

Akanitazama. "Baba, si uliniambia nikifika mahali ambapo maneno si yangu nifunge mdomo."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema tu kama mtu anayejibu swali la darasani. Na mimi, nikiwa na unga mkononi, mbele ya kibanda kama kile ambacho babu yangu nusura auawe kwa ajili yake, neno lililonijia mdomoni lilikuwa "piga magoti". Lilifika mpaka kwenye meno. Nikaangalia miguu yake, nikaona yale makovu, nikalimeza.

Nadhani aliona. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Kila asubuhi anakuja, anasimama mahali pake, na mimi naomba, na Wilkista anaitikia peke yake.